Deki ya Commander inapofungwa kila mara: soma dalili kabla ya kuagiza kadi

Deki ikifungwa mara tatu nne mfululizo, mwenye nayo huanza kutafuta kadi ya bei. Kwetu huku, ambako kusafirisha kadi ya dola mbili kunaweza kugharimu kuliko kadi yenyewe, hiyo ni dawa ghali, na mara nyingi haitibu ugonjwa uliopo.

Nazungumzia Magic: The Gathering, mchezo wa kadi, mtindo wa Commander, meza ya watu wanne. Deki ina kadi 100, hakuna kadi inayojirudia isipokuwa ardhi za msingi (ardhi ni kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine, nayo huwa na rangi), kila mchezaji anaanza na uhai 40, na kamanda, kiumbe unayemjengea deki, anakaa pembeni akisubiri kuitwa. Mchezo wenyewe, uliobuniwa na Richard Garfield na kutoka mwaka 1993, ulianza kama pambano la watu wawili, na ushauri mwingi wa mikakati unaozunguka hadi leo umetoka kwenye pambano hilo. Mezani kwa wanne hesabu ni nyingine kabisa. Una uhai 120 wa kumaliza, si 20. Ukimaliza zamu yako, wenzako wanacheza zamu tatu kabla hujagusa kadi tena. Karibu kila tatizo lililo hapa chini chanzo chake ni mtu kusahau kwamba wapinzani ni watatu.

Kwa hiyo ukifungwa, usichange karata haraka. Angalia kwanza mkono (kadi ulizoshika) uliokufa nao. Kama umejaa kadi ambazo hukuweza kuzilipia, ugonjwa uko kwenye mana. Kama mkono ni mtupu, ugonjwa uko kwenye uvutaji wa kadi. Na kama mkononi kulikuwa na jibu halisi la kilichokuua na mana ya kulilipia ulikuwa nayo, deki haina kosa, ni maamuzi. Andika kwenye simu neno moja tu kila mchezo unapoisha: mana, kadi, au mimi. Baada ya jioni mbili tatu utaona neno lipi linajirudia.

"Nimekaa na ardhi mbili, wenzangu wanacheza"

Hili ndilo lalamiko la kwanza duniani kote, na chanzo chake kinajulikana: watu hupunguza ardhi ili kupata nafasi ya kadi tamu. Wanafika 32, wanasema Sol Ring, kifaa cha kutoa mana, itasaidia.

Tufanye hesabu. Kamanda akiwa pembeni, deki inabaki na kadi 99. Ukiwa na ardhi 32, uwezekano wa kuanza na ardhi moja au kukosa kabisa katika kadi saba za kwanza ni kama 27 kati ya 100. Ukiwa na 37, unashuka hadi kama 19 kati ya 100. Kufikia zamu ya nne, ukiwa umeona kadi 11 (Commander ya watu wanne hata anayeanza huvuta kadi), deki ya ardhi 37 kwa wastani imekupa ardhi 4, na ile ya 32 imekupa tatu na nusu. Nusu hiyo ndiyo tofauti kati ya kumwita kamanda wa mana 4 kwa wakati na kumtazama.

Anza na ardhi 36 hadi 38, halafu ongeza kadi kama 10 za kuharakisha mana: Sol Ring, Arcane Signet, na kama una kijani, Rampant Growth na Cultivate. Harakisho la mana 2 ni bora kuliko la mana 3 karibu kila mara, kwa sababu kazi yake ni kukufikisha zamu ya tatu ukiwa na mana 4. Kama una kadi nyingi za kuharakisha zinazogharimu 4 na kuendelea, hizo ziite anasa.

Sasa mtego wenyewe. Umeshika Mountain moja (ardhi ya msingi nyekundu), Sol Ring, kamanda wako Krenko yuko pembeni anasubiri, na kadi nyingine tano nyekundu. Mkono unang'aa. Krenko, Mob Boss anagharimu mana 4, mbili kati yake lazima ziwe nyekundu. Mountain yako inatoa nyekundu moja. Sol Ring inatoa mana mbili zisizo na rangi. Jumla tatu, na nyekundu ni ile ile moja. Usipovuta ardhi ya pili umekaa na pete nzuri isiyolipa chochote, na mezani kila mtu ameshaiona, kwa hiyo kadi ya kwanza ya kuvunja vifaa itakuja kwako. Rudisha mkono huo. Mezani kwa zaidi ya watu wawili, kurudisha mara ya kwanza ni bure: unaingiza saba, unavuta saba. Watu wanaona aibu kuutumia uhuru huo, sijui kwa nini.

Kama ardhi zipo lakini rangi hazitoki, tatizo ni jingine. Deki ya rangi tatu yenye ardhi nyingi zinazoingia zikiwa zimelala (zimegeuzwa upande, hazitoi mana zamu hiyo) hukuchelewesha zamu nzima bila wewe kugundua. Hesabu alama za rangi kwenye kadi zako za mana 1 hadi 3 peke yake, kisha gawa ardhi za msingi kwa uwiano huo. Kadi ya mana 7 haina haraka ya rangi.

Na ukijaa ardhi tupu? Usikimbilie kupunguza ardhi. Soma sehemu inayofuata.

"Zamu ya sita mkono umeisha"

Kwenye pambano la watu wawili, mkono ukiisha na mwenzako wake umeisha, mko sawa. Mezani kwa wanne, kwa kila kadi moja unayovuta wenzako kwa pamoja wanavuta tatu. Mwenye kuvuta moja tu kwa zamu anarudi nyuma hata kama hajafanya kosa.

Weka vyanzo 10 hivi vya kuvuta kadi, na hesabu vile tu vinavyorudisha zaidi ya kadi moja. Kadi inayosema "vuta kadi" mwishoni kama nyongeza haingii kwenye hesabu hiyo. Kisha chagua zile zinazokua kadiri wapinzani wanavyoongezeka. Syphon Mind kwa mana 4 inamtupisha kila mwenzako kadi moja, nawe unavuta kwa kila iliyotupwa. Mezani kwa wanne hizo ni kadi tatu, wakati kwenye pambano la wawili ni moja na hakuna angeicheza. Rhystic Study, kila mpinzani anapocheza kadi bila kulipa mana 1 ya ziada, unavuta. Wapinzani watatu wanaokataa kulipa ni kisima. Jambo moja tu: kuuliza "unalipa?" kila dakika kunachosha meza, na mtu aliyechoshwa hukupiga bila sababu nyingine.

Kingine ni kuchagua uvutaji unaolingana na kile deki inachofanya tayari. Deki ya Krenko inazaa goblini wadogo wa 1/1 (nguvu 1, ustahimilivu 1). Skullclamp inagharimu mana 1, kumvisha kiumbe mana 1, inampa +1/-1, na aliyevishwa akifa unavuta kadi mbili. Goblini wa 1/1 akivishwa anakufa pale pale. Yaani kila goblini ni kadi mbili kwa mana 1. Deki kama hiyo haihitaji kununua kadi ya bluu ya dola arobaini. Inahitaji kile kijichuma.

"Naanza vizuri, meza inafagiwa, naishia hapo"

Kufagiwa ni kadi moja kuondoa viumbe wote mezani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo deki nyingi za wanaoanza zinapofia.

Fuatilia mchezo wa kawaida wa Krenko. Zamu ya 4 anaingia, hawezi kufanya kazi mpaka zamu inayofuata. Uwezo wake ni kulala na kuzaa goblini kwa idadi ya goblini ulio nao, naye mwenyewe anahesabiwa. Zamu ya 5 mnakuwa wawili. Zamu ya 6 wanne. Zamu ya 7 wanane, na unawaza kwamba zamu ya 8 mtakuwa kumi na sita na mtu atakufa. Mwenye nyekundu aliye mkono wako wa kushoto anacheza Blasphemous Act. Kadi hiyo bei yake ni mana 9, lakini inapungua mana moja kwa kila kiumbe kilichopo mezani. Wewe peke yako una viumbe wanane. Umemlipia. Kwa mana moja nyekundu anamwaga madhara 13 kwa kila kiumbe, na Krenko anarudi pembeni.

Kumwita tena ni mana 6, kwa sababu kila unapomrudisha kutoka pembeni bei inapanda kwa 2. Akifa tena, mana 8. Na goblini unaanza kuhesabu kutoka mmoja.

Wengi hapa huongeza goblini. Hilo ni kuongeza punguzo la bei kwa mwenzako. Kilichokosekana ni mambo mawili. La kwanza, goblini walikuwa hawafanyi kitu mpaka washambulie. Weka Impact Tremors, ambayo kila kiumbe chako kinapoingia inampiga kila mpinzani 1, au Purphoros, God of the Forge, ambaye hupiga 2 kwa kila kiumbe kingine kinachoingia. Hizi hazifi kwa fagio la viumbe: Impact Tremors si kiumbe, na Purphoros haharibiki. Ukiwa na Purphoros mezani, ile zamu ya 7 goblini wanne wapya wangempiga kila mpinzani 8 kabla ya fagio. Zamu ya 6 wawili wapya, 4. Fagio likija, kazi imeshafanyika.

La pili, kasi. Lightning Greaves, viatu vya kumvisha kiumbe, inamfanya Krenko azae zamu ile ile aliyoingia, na haigharimu kitu kumvisha. Baada ya fagio, mana 6 na viatu mezani inamaanisha goblini leo, si kesho kutwa baada ya wapinzani watatu kupita. Inamkinga pia na kadi zinazomlenga, zako zikiwemo, jambo ambalo mtu hukumbuka akiwa ameshalaza mana.

Wenye kijani wana Heroic Intervention kwa mana 2, wenye nyeupe wana Teferi's Protection kwa 3. Zote zinafanya kazi kama umeacha mana hizo zikiwa zimesimama. Mchezaji anayelaza ardhi zake zote kila zamu ametangaza kwamba meza inaweza kufagiwa.

Kanuni ninayotumia mwenyewe: nikiwa na viumbe wa kutosha kumtisha mtu mmoja kumuua ndani ya zamu mbili, kadi ya kiumbe inayofuata inabaki mkononi. Mezani kwa watu wanne, mtu mmoja kati ya watatu karibu kila mara ana fagio. Akilitumia juu ya viumbe wanne wakati mkononi nina wanne wengine, yeye ndiye aliyepoteza.

"Namalizia vitisho vyote, anashinda mwingine"

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ukitumia Swords to Plowshares kumwondoa kiumbe wa jirani, wewe umepoteza kadi moja, yeye moja, na wawili waliobaki hawajapoteza kitu. Ukifanya hivyo mara tano, wewe na wahanga wako mmebaki maskini na kuna mtu kimya kwenye kona mwenye kadi saba.

Ina maana kadi za kuondoa ziachwe? Hapana. Anayeziacha ana ugonjwa wa upande wa pili: ukiwa nazo 4 tu kwenye deki, kufikia zamu ya tano uwezekano wa kutoona hata moja ni kama 59 kati ya 100. Ukiwa nazo 10, unashuka hadi kama 26. Kwa hiyo weka kama 10, mbili au tatu kati yake ziwe mafagio, kisha uwe bahili. Kiumbe mkubwa anayempiga mwenzako si tatizo lako. Anafanya kazi yako. Jiulize: kitu hiki kitaniua mimi, au kitamaliza mchezo kabla zamu haijanirudia? Kama si hivyo, shika kadi yako.

Ndiyo maana pia kadi zinazochezwa wakati wowote zina thamani zaidi hapa kuliko zinazongoja zamu yako. Beast Within huvunja chochote kwa mana 3 hata katikati ya zamu ya mtu. Wrath of God, ambayo ni fagio, itakungoja mpaka zamu tatu zipite, na kwenye zamu hizo ndipo watu wanaposhinda. Usisahau makaburi ya kadi (rundo la kadi zilizokufa au kutumika): Bojuka Bog ni ardhi, haichukui nafasi ya kadi nyingine, inafuta kaburi zima la mtu mmoja. Kwa deki yoyote yenye nyeusi sijaona sababu ya kuiacha.

"Wote wananipiga mimi"

Wakati mwingine unastahili. Kamanda wako ana jina, Sol Ring imetoka zamu ya kwanza, na umeweka mezani kitu cha kutisha ambacho hakimalizi mchezo. Kitisho kisichomaliza ni ukumbusho tu kwa watu watatu.

Dawa ya kwanza ni mpangilio. Kadi inayovuta macho icheze zamu ile unayoweza kushinda nayo, au ukiwa na mana ya kuilinda. Craterhoof Behemoth, kiumbe wa kumaliza mchezo, hapigiwi kelele kwa sababu akiingia watu wameshaanza kukusanya kadi zao.

Ya pili ni kuta. Ghostly Prison na Propaganda, kila moja kwa mana 3, zinamlazimisha mtu alipe mana 2 kwa kila kiumbe anachotaka kukushambulia nacho. Si kwamba hawezi kulipa. Ni kwamba jirani ni bure. Viumbe wataelekea huko wenyewe.

Ya tatu ni mdomo, na hapa watu wetu wana kipaji wasichokitumia.

"Oya mwanangu, mimi nina uhai 11 na goblini wawili, unanipigia nini? Mtazame huyo, kadi tisa mkononi na bluu zote zimesimama."

"Wewe ukizubaiwa kidogo unazaa arobaini."

"Basi nipe zamu moja, siji kwako. Kifaa chake kile nakivunja mimi sasa hivi."

Makubaliano ya namna hiyo yanaruhusiwa, hayafungi kisheria, na anayevunja leo atakumbukwa wiki ijayo. Usiahidi zaidi ya zamu moja.

"Mchezo umefika masaa matatu na hakuna anayekufa"

Deki ina kila kitu isipokuwa mwisho. Hesabu kadi zako zinazoweza kummaliza zaidi ya mtu mmoja. Zisipofika nne tano, umepata chanzo. Gray Merchant of Asphodel hupunguza uhai wa kila mpinzani kwa idadi ya alama za mana nyeusi kwenye bei za kadi zako zilizo mezani, zake mbili zikiwemo, nawe unapata jumla ya walichopoteza. Akiingia peke yake meza ya wanne inatoa 6. Akikuta wenzake, mara mbili tatu ya hapo. Kumuua mtu kwa madhara 21 ya kamanda mmoja ni njia halali ila ni ya mmoja mmoja, na ukimuua wa kwanza mapema atakaa anatazama simu masaa mawili. Tafuta njia ya kuwaondoa wote kwa pamoja au kwa zamu mbili zinazofuatana.

"Deki inashinda, lakini watu hawataki kucheza nami" na "Nimenakili orodha nzuri, ninaambiwa kadi haziruhusiwi"

Naziweka pamoja kwa sababu chanzo ni kimoja: orodha imetoka meza nyingine. Tarehe 23 Septemba 2024 Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu, Winged Wisdom zilipigwa marufuku kwenye Commander. Orodha nyingi za kabla ya hapo bado zinasambaa zikiwa nazo. Siku chache baadaye usimamizi wa mtindo huu ukahamia kwa Wizards of the Coast wenyewe, na Februari 2025 wakatoa mfumo wa majaribio wa ngazi tano za nguvu, pamoja na orodha ya kadi zinazobadili mchezo. Rhystic Study na Cyclonic Rift zimo. Ngazi ya 1 na ya 2 haziruhusu hata moja ya orodha hiyo, ya 3 inaruhusu hadi tatu, na 4 na 5 hazina kikomo.

Kabla ya kuchanga karata, taja ngazi yako na sema wazi kama deki ina kadi mbili zinazoshikana kumaliza mchezo pale pale. Deki ya kiwandani iliyotoka boksini ikikutana na ya ngazi ya 4, hakuna ushauri kwenye ukurasa huu utakaoiokoa, na mwenye nayo hana kosa la kurekebisha.

Kujaribu bila meza

Ukishapata neno linalojirudia kwenye simu yako, badilisha kadi tano, zisizidi. Ukibadilisha ishirini hutajua ipi ilisaidia. Kisha kaa peke yako, gawa kadi saba, cheza hadi zamu ya tano kana kwamba hakuna anayekuzuia, rudia mpaka mikono kumi. Tazama mambo mawili tu: kamanda ameingia zamu ya ngapi, na umebaki na kadi ngapi mkononi. Kama katika mikono zaidi ya mitatu hukuwa na cha kucheza zamu ya pili wala ya tatu, usiguse kadi kubwa kwanza. Toa mbili za mana 6 na kuendelea, ingiza harakisho mbili za mana 2, gawa tena.

Na kadi za kutoa unazijua tayari. Ni zile ambazo kila ukizivuta unaziweka mwisho wa mkono, kushoto kabisa, ukisema zitafaa baadaye.